Muulize Muuzaji Alivyoishi Humo

Ukimuuliza mtu anayeuza nyumba kama ina tatizo lolote, atakujibu haina. Si lazima awe anakudanganya. Aliyekaa ndani ya nyumba miaka mingi hazioni tena kasoro zake; ameshazizoea, ameshazipatia dawa, kwake ni sehemu ya maisha. Ndiyo maana tuliponunua nyumba yetu Goba, Dar es Salaam, swali hilo hatukulitegemea. Tuliuliza habari za maisha. Mvua ya masika ikianza usiku, nani anaamka na anafanya nini kwanza? Maji ya bomba yanatoka siku gani? Gari la maji taka likija linasimama wapi? Kwa majibu ya maswali ya namna hiyo tuliijua nyumba kabla hatujalala humo hata usiku mmoja.

Busara hii niliipata kwa mama yangu mdogo, ambaye alipangisha vyumba Magomeni kwa muda mrefu. Alikuwa akisema mpangaji anayejua maisha haulizi kama choo ni kizuri, anauliza kinajaa baada ya muda gani. Swali la kwanza linajibiwa kwa neno moja na halimfungi mtu. La pili linamlazimisha mwenye nyumba akumbuke mara ya mwisho alipoita gari, alilipa kiasi gani, na kama ilikuwa kabla au baada ya mvua. Mtu akishaanza kukumbuka, anasimulia, na katika kusimulia anakupa hata yale ambayo hukujua kuyauliza.

Kikwazo cha kwanza mjini ni kwamba mnunuzi na muuzaji hawakai pamoja. Dalali ndiye anayekutembeza, ndiye anayejibu, na mara nyingi uso wa mwenye nyumba unauona siku ya kusaini. Simlaumu, anahofia kwamba mkishajuana mtamzunguka na chake kipotee. Kwa hiyo sisi tulianza kwa kumtoa hofu. Tuliandikishana, sisi, yeye na mzee muuzaji, kwamba malipo yake yako palepale hata tukikutana na mzee bila yeye kuwepo. Kuanzia hapo alitupisha. Nalisisitiza hili kwa sababu bila hilo mengine yote ninayoyaandika yasingewezekana. Dalali anaijua bei ya nyumba, lakini hajawahi kulala humo.

Mazungumzo yetu na wenye nyumba yalikuwa ya aina mbili, na nashauri yasichanganywe. Ya kwanza ni ya kabla ya bei, kuhusu mambo yanayoweza kuivunja biashara yenyewe: ardhi, karatasi, familia. Ya pili ni ya baada ya kukubaliana bei na kusaini mbele ya wakili, kabla ya kuhamia. Kabla ya bei kila neno la muuzaji lina gharama kwake. Akikwambia dari la chumba cha nyuma linavuja, anajua utamkata laki kadhaa. Bei ikishafungwa ulimi unalegea, na mara nyingi yeye mwenyewe anatamani nyumba aliyoijenga kwa jasho iangukie kwa watu watakaoitunza.

Nianze na ardhi. Goba, kama sehemu nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, ilijengwa kwanza ikapimwa baadaye. Watu walinunua mashamba, wakakatiana viwanja, wakajenga, na urasimishaji ukaja nyumba zikiwa zimesimama. Unaweza kukuta nyumba moja ina hati, ya pili ina namba ya kiwanja na hati bado, ya tatu ina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa na basi. Kuihakiki hati kwenye ofisi ya ardhi ni lazima, na sitalirefusha hilo. Ila ofisi haikuonyeshi bikoni zako, vile vigingi vya zege vya mpaka, ziko wapi chini ya majani.

Mzee alichukua jembe mwenyewe. Alianzia kona ya mbele, chini ya michongoma, akafukua taratibu huku akituambia tusogee tusijekurushiwa udongo, mpaka jembe likagonga zege. Akapiga magoti, akafuta udongo kwa kiganja, na herufi na namba zilizochorwa kwenye zege zikaonekana. Tukazilinganisha na ramani. Ya nyuma haikuwa kwenye uzio. Ilikuwa upande wa pili, kwa jirani, na hapo ndipo mzee alipotueleza kwamba uzio wa jirani umeingia kwake kama hatua moja, kwamba waliyamaliza kwa maneno mbele ya mjumbe, na kwamba jirani aliahidi kuurudisha siku atakapojenga ukuta. Ahadi ya mdomo kati ya wazee wawili waliozikiana na kuozeshana watoto ina uzito wake, lakini haihami pamoja na funguo. Tuliomba jirani aitwe, likaandikwa, wote wakasaini na mjumbe akiwa shahidi. Jirani hakukataa. Alisema ni vizuri, maana na yeye ana umri.

Maswali ya familia yanataka adabu, lakini yaulizwe. Nyumba ni ya nani: ya mzee peke yake, yake na mkewe, au ya urithi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa nyumba ya urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi. Sisi hatukuishia kuiona sahihi ya mama kwenye karatasi. Tuliomba kukaa naye sebuleni, tukamsalimu, tukamuuliza wanahamia wapi. Akatueleza kwamba wanarudi Tanga, karibu na binti yao, kwa kuwa magoti yanamsumbua mzee na kilima cha Goba kimemshinda. Jibu lile lilinituliza kuliko sahihi. Mke asiyejua anahamia wapi, yawezekana hajaambiwa kwamba nyumba inauzwa.

Kuna na swali la miradi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wakazi wa mji huu hawajasahau. Ndiyo maana nilimuuliza mzee moja kwa moja: ni watu gani wamewahi kuja kupima hapa, na kuna siku ukuta huu uliwahi kuandikwa chochote? Alama ya X, inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa, inafutika kwa kopo moja la rangi. Kwa hiyo swali hilohilo nililipeleka na kwa mama wa genge lililo mkabala na geti, nikiwa nanunua nyanya, na majibu yakafanana.

Bei ilipokwisha kufungwa, ndipo tukarudi kwa mazungumzo ya pili, na haya ndiyo ninayoyapenda zaidi. Tulikwenda asubuhi ya siku ya kazi, pakiwa na shughuli za nyumbani. Nyumba iliyojiandaa kupokea wageni haikuambii kitu.

Mama alitutembeza kwa mpangilio wa kazi zake, kuanzia jikoni. Akafungua koki ya sinki, akatuonyesha kwamba ya moto haijawahi kuunganishwa, iko pale kwa urembo. Akatutoa nje hadi nyuma ya tangi na kutuonyesha koki kuu, akaushika mkono wangu na kuuweka juu yake. "Hii, mwanangu, hufunga kinyume na nyingine. Ukiilazimisha utaivunja, na fundi wa kwanza alishaivunja." Ukutani bafuni alinionyesha mahali rangi inapobanduka na kuacha unga mweupe. Hilo ni la kawaida Dar es Salaam, unyevu unapanda kutoka msingini na chumvi inatoka nao, lakini yeye alijua zaidi ya hapo: unga unatokea upande ule tu ambako maji ya kuogea yanatuama nje, na tangu mzee achimbe mtaro mdogo ulipungua. Mtaro ule ulikuwa umefukiwa na majani ya mwembe. Bila yeye tungeuona kama mkwaruzo tu kwenye udongo, na tungemwaga fedha kwenye rangi ya kuzuia unyevu.

Kisha akasimama sebuleni, akaangalia juu kwenye dari. "Mvua ya upepo wa kusini, beseni linakaa hapa." Si kila mvua, akasema. Mvua ya kawaida, hata iwe kubwa, haiingii. Inayoingia ni ile inayopigwa na upepo, kwenye mfereji ambapo mabati ya pande mbili yanakutana. Mjue faida ya taarifa hiyo. Fundi wa paa anayeambiwa "nyumba inavuja" atapanda, atapaka lami kila mahali, atalipwa, na mvua ijayo itavuja tena. Fundi anayeambiwa ni upepo wa upande gani na beseni linakaa wapi, anajua akaangalie bati lipi limelala kifupi. Wetu aliongeza kipande cha bati kwenye mfereji ule kabla hatujaweka hata kitanda.

Shimo la maji taka lilikuwa somo lake peke yake. Uwanja wa mbele umetandazwa matofali ya pevingi, safi kabisa, hakuna mfuniko unaoonekana. Mama akatembea hadi katikati, akagusa kwa kidole cha mguu tofali moja jekundu kati ya ya kijivu. Chini ya hilo na manne yanayolizunguka ndipo ulipo mfuniko wa karo. Mzee aliliweka makusudi. Karo lao hujaa mapema zaidi masika, kwa kuwa ardhi ikishiba maji halinywi, na hivyo wao huita gari mwezi wa pili, kabla ya mvua na kabla magari hayajaanza kugombewa. Barabara ya kwetu gari kubwa halipandi mvua zikishaanza. Kalenda hiyo tumeirithi kama ilivyo.

Mzee alikuwa na lake: historia ya ujenzi. Kwetu wengi tunajenga kidogo kidogo, na nyumba moja inaweza kuwa na misingi ya miaka mitatu tofauti. Muulize muuzaji alianza na chumba kipi. Huyu wetu alianza na vyumba viwili vya nyuma, wakahamia kabla ya plasta, sebule ikafuata, jiko na stoo vikaongezwa mwishoni. Hapo ukuta wa jiko unapokutana na sebule pana ufa mwembamba, wima, na nilikuwa nimeuogopa tangu siku ya kwanza. Mzee akanipeleka karibu, akanionyesha pale ufa unapoishia juu. Kulikuwa na kistari cha penseli kimekata njia yake, na pembeni mwaka. Chini kidogo, kistari kingine na mwaka mwingine. Alikuwa akiupima. Udongo wa pale una mfinyanzi mwingi, unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na misingi miwili isiyojengwa pamoja haipandi na kushuka pamoja. Ufa hufumbuka kiangazi na kufumba masika, lakini haujavuka kistari cha juu tangu alipokichora. Fundi tuliyemleta alizisoma alama zile kama karatasi ya hospitali. Akashauri tusiuzibe kwa saruji ngumu, ambayo ingepasuka tena, ila kwa kitu kinachonyumbuka. Kama mzee angepaka rangi mpya ili nyumba ipendeze machoni, ushahidi huo ungepotea. Tangu hapo nyumba iliyopakwa rangi mpya wiki ya kuuzwa hainipendezi mpaka nielezwe rangi ya zamani ilikuwaje.

Kuhusu maji, mjuzi hakuwa mzee wala mama. Alikuwa dada wa kazi. Yeye ndiye anayeamka. Alituambia maji ya bomba upande ule huja usiku wa manane, siku mbili au tatu kwa wiki, na kwamba yanapoanza hutangulia upepo, koki inapiga kelele kama inakohoa. Ukiyasubiri mpaka asubuhi umeyakosa. Ndiyo maana tangi la chini lipo, na pampu ya kupandisha juu, na ndiyo maana pampu isiwashwe kabla tangi la chini halijafika alama fulani aliyoikwangua kwa kisu. Watu wengi wakinunua nyumba humpita dada kama hayupo. Mpe heshima yake, kaa naye, na kama anabaki bila kazi kwa sababu wenyeji wanahama, muulize mipango yake. Wetu alikubali kubaki nasi mwezi wa kwanza, na mwezi ule ulitupunguzia mahangaiko mengi.

Umeme ni mfupi kueleza. Omba kuona risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, za miezi ya karibuni, si kwa kumshuku mtu, kwa kujua nyumba inakula uniti ngapi. Kuna mita zilizo kwenye bei nafuu ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na nyumba ya wazee wawili inaweza kuwa huko wakati familia yenye friji mbili na pasi ya kila siku haitabaki. Bili yake haitakuwa yako. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa Sh. 1,000 kwa mwezi. Kama nyumba imekaa tupu bila mtu kununua umeme, uliza makato yamesimama wapi, na kama ina mita zaidi ya moja, uliza ipi inakatwa.

Yaliyobaki ni mtaa, na hapa ndipo muuzaji anapoweza kukupa kitu ambacho fedha hainunui. Maji ya mvua ya nyumba yetu yanashuka kupitia pembeni mwa kiwanja cha chini. Wa chini anavumilia kwa kuwa mzee alimjengea mfereji wa mawe na kila mwaka, kabla ya masika, anapeleka kijana wa kuuzibua. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Mnunuzi asiyejua atauacha mfereji uzibe, jirani ataona maji yanaingia jikoni kwake, na uadui utaanza na watu ambao hawajajuana majina. Hali kadhalika gari la jirani wa kushoto hugeuzia mbele ya geti letu. Uliza pia mchango wa ulinzi shirikishi unapelekwa kwa nani, na siku ya gari la taka ni ipi.

Mzee alitutembeza nyumba kwa nyumba. Kila alipoingia alisema, "Hawa ni watoto wangu, nimewaachia nyumba." Hakusema ametuuzia. Mjumbe akatuandika kwenye daftari lake, na mama mmoja akaniuliza hapohapo kama nitaingia kwenye kundi la kusaidiana misibani, nami nikakubali. Tulihamia tukiwa tayari tunasalimiwa kwa majina ya watoto wetu.

Mdogo wangu anayeishi Leicester alishangaa nilipomsimulia haya. Uingereza, muuzaji hujaza fomu ndefu ya maelezo ya nyumba, kuanzia mipaka na ugomvi na majirani hadi mafuriko. Majimbo mengi ya Marekani nayo yanamtaka muuzaji aseme kwa maandishi kasoro anazozijua. Kwetu karatasi ya aina hiyo haijazoeleka, na ningependa mawakili wetu waizoeshe. Wa kwetu alikubali kutuwekea vipengele viwili kwenye mkataba. Cha kwanza kiliorodhesha vinavyobaki: matangi yote mawili, pampu, feni za dari, taa za nje, hata fito za mapazia, kwa sababu wapo wauzaji wanaong'oa mpaka soketi, na kwao si wizi, hawakuambiwa. Cha pili kilisema sehemu ya mwisho ya malipo italipwa siku ya kukabidhiana funguo, baada ya sote kutembea tena nyumba nzima pamoja. Mzee hakuona shida. Aliyepanga kukabidhi anachosema anacho haoni shida.

La simu halikuandikwa, tulikubaliana tu kwamba masika ya kwanza tukikwama tutapiga. Tulipiga. Maji machafu yalikuwa yanarudi kwenye bafu la watoto, na fundi bomba alikuwa ameshasema tuvunje vigae. Mama, akiwa Tanga, akasikiliza kidogo akasema, "Usivunje kitu. Fungua chemba ya tatu, iliyo karibu na mwembe, utakuta mizizi." Tukaikuta, imejaa kama nywele ndani ya bomba. Fundi aliikata, maji yakashuka, vigae viko palepale.

Sasa dada yangu anataka kununua Kigamboni, nyumba yenye kisima, na mwishoni mwa wiki tunakwenda kuonana na mwenye nyumba. Ameshaambiwa maji ni mazuri. Kule pwani visima vingi vina chumvi, na vingine vinabadilika kiangazi kikikolea, kwa hiyo tutaomba kupikiwa chai ya maji ya kisima, tutauliza nguo nyeupe wanazifulia maji gani, na nimemwambia aombe kuliona birika lao kwa ndani kabla ya kukubali bei.